Mvua ya Kwanza Nyumbani kwa Bibi

Ndugu msomaji, je, unaikumbuka sauti ya mvua ya kwanza juu ya bati?

Kwanza husikika tone moja. Halafu matone mawili. Halafu kimya kidogo. Mara bati lote linanguruma, na watu waliomo ndani hawasikiani tena.

Sisi tunaoishi Tabata, katika Jiji la Dar es Salaam, huisubiri sauti hiyo kila mwaka. Tabata iko magharibi ya katikati ya jiji, katika Wilaya ya Ilala. Siku hizi imejaa nyumba na maduka. Lakini nyuma ya nyumba nyingi bado utaona tuta la matembele, mashina machache ya mihogo na mpapai mmoja au miwili. Kwa hiyo hata sisi wa mjini huisubiri mvua kama mnavyoisubiri ninyi wa vijijini.

Mimi ni bwana shamba. Leo nataka kuwaeleza jinsi familia moja ya Tabata inavyoipokea mvua ya kwanza ya vuli. Familia hiyo ina desturi zake ndogo ndogo. Desturi hizo zinafurahisha. Tena moja kati yake ilinifundisha jambo ambalo sikulizingatia, ingawa nilikuwa na cheti cha kilimo.

Kwa nini vuli huja wakati huo?

Pwani yetu hupata mvua mara mbili kwa mwaka. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Mvua za masika ni nyingi. Vuli hunyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mvua za vuli ni chache zaidi, na si za kuaminika. Kati ya misimu hiyo, tangu Juni hadi Septemba, mvua ni haba. Ardhi hukauka na vumbi hutanda.

Mvua hufuata jua. Karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la saa sita mchana hupita juu kabisa ya Dar es Salaam. Ukisimama nje, kivuli chako huwa chini ya miguu yako. Wakati huo nchi kavu na bahari hupata joto kali. Hewa yenye joto hupanda juu, nayo hubeba mvuke wa maji kutoka baharini. Huko juu kuna baridi. Mvuke hugeuka kuwa matone madogo, na matone hayo ndiyo mawingu. Mwanzoni mwa Machi jua hupita tena juu yetu likirudi kaskazini. Ndipo masika nayo hukaribia.

Mgeni anayebisha hodi juu ya bati

Nilihamia Tabata zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Nilikuwa kijana niliyetoka chuoni. Nilipanga chumba katika nyumba ya mama mmoja mzee. Wapangaji wote tulimwita Bibi. Alikuwa mjane, akiishi na binti yake na wajukuu wanne. Bibi alikuwa amelima maisha yake yote, tangu nyumba za mji hazijafika huko.

Oktoba ilipoanza, niliona kazi nyingi uani. Mjukuu mkubwa alipanda ngazi akazoa majani makavu kwenye mfereji wa bati, ukingoni mwa paa. Wa pili alizibua mtaro wa mbele ya nyumba. Wa tatu alisugua pipa la maji kwa ndani, kwa mchanga na kumbi la nazi. Bibi mwenyewe alishusha mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya meko. Alitoa pia chupa ya kunde zilizochanganywa na majivu ili zisibunguliwe.

Nilimwuliza, "Shikamoo Bibi. Leo kuna nini?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Tunamngoja mgeni."

"Mgeni gani, Bibi?"

"Mgeni wetu habishi hodi mlangoni. Hubisha hodi juu ya bati."

Wajukuu walicheka. Wao walikwisha kukijua kitendawili hicho. Bibi alikitega kila mwaka, na kila mwaka walicheka.

Siku mvua ilipofika

Mvua ilifika jioni, siku chache baadaye. Mawingu meusi yalikusanyika. Upepo ulipeperusha vumbi. Kuku walikimbilia bandani, na binti wa Bibi alianua nguo kwenye kamba. Kisha matone yakaanza kuanguka.

Desturi ya kwanza ilikuwa hii. Watu wote wa nyumba walitoka wakasimama barazani, wakanyamaza. Bibi alisema, "Vuteni pumzi." Tukavuta. Harufu ya udongo ilijaa puani.

Wengi wetu tunaipenda harufu hiyo. Inatoka wapi? Ndani ya udongo wamo vijidudu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Baadhi yao hutengeneza kitu chenye harufu hiyo. Tone la mvua linapopiga udongo mkavu, hurusha hewani chembe ndogo ndogo zenye harufu hiyo. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo sana.

Desturi ya pili ilihusu maji. Mimi nilikimbia kuleta ndoo zangu niziweke chini ya mfereji. Bibi alinizuia. "Ngoja," alisema. "Maji haya ya kwanza ni ya kuosha bati." Tuliyaacha yamwagike mpaka yalipoanza kuwa meupe. Ndipo pipa likawekwa.

Desturi ya tatu ilikuwa ya watoto. Wajukuu walivua mashati wakatoka uani kuoga mvua. Walirukaruka, wakapiga kelele, wakakinga matone kwa ulimi. Hata mama yao aliingia mvuani kidogo huku akicheka. Lakini kulikuwa na sheria moja. Ngurumo ikisikika, wote huingia ndani mara moja. Hakuna kubembeleza, na hakuna kujificha chini ya mwembe. Sheria hiyo ni nzuri sana. Ukiisikia ngurumo, jua kwamba radi iko karibu kiasi cha kuweza kukupiga. Nayo radi hupenda kupiga vitu virefu, kama miti.

Usiku tulikaa barazani juu ya mkeka. Tulikula mihogo ya kuchemsha na kunywa chai ya mchaichai. Mvua ilikuwa imekwisha, na kumbikumbi walianza kutoka ardhini. Watoto waliweka beseni la maji chini ya taa. Kumbikumbi waliifuata taa wakaanguka majini. Baadaye walikaangwa kwa chumvi bila mafuta, kwa sababu wana mafuta yao wenyewe. Kumbikumbi ni chakula kizuri cha kujenga mwili. Lakini usiwale wale waliookotwa mahali palipopigwa dawa ya wadudu.

Nililala nikiwa na furaha. Nilijiambia, "Mvua imeanza. Kesho napanda."

Kosa langu

Asubuhi niliamka mapema. Bibi alikuwa amenipa sehemu ya kiwanja chake nyuma ya nyumba. Nilichimba mashimo, nikapanda mahindi yangu yote. Majirani walipita wakaniona. Wakasema, "Bwana shamba amepanda. Na sisi tupande."

Mmoja wao alikuwa mama aliyekuwa akiuza vitumbua. Alikuwa na shamba la ekari moja upande wa Kinyerezi. Alichukua akiba yake akanunua kilo kumi za mbegu. Alipanda ekari yote kwa siku mbili, pamoja na watoto wake.

Bibi hakupanda. Alikuja na jembe, akapiga mara moja tu katika sehemu yake. Akaniita nitazame. Udongo wa juu ulikuwa umelowa kiasi cha upana wa vidole vinne. Chini ya hapo ulikuwa mkavu na mweupe kama majivu.

"Unaona?" alisema. "Ardhi imenawa uso tu. Bado haijanywa."

Nilimjibu kwamba msimu umefika, na kwamba anayechelewa kupanda hupata mavuno haba. Maneno hayo niliyajua kutoka chuoni, na ni ya kweli. Bibi hakubishana nami. Alirudi na jembe lake.

Baada ya siku sita mahindi yaliota. Yalipendeza sana. Lakini mvua haikurudi. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Majani yalijikunja wakati wa mchana, kisha yakaanza kukauka. Wiki ya tatu nilikwenda Kinyerezi kuliangalia shamba la yule mama. Miche ilikuwa imelala chini. Nilishika mmoja ukavunjika mkononi.

Ndugu wasomaji, siku ile niliona aibu. Hakuna aliyemwambia yule mama apande ila mfano wangu. Nilikwenda nyumbani kwake jioni.

"Shikamoo mama. Nimekuja kusema kwamba nimekutia hasara."

Alinyamaza kwa muda. Kisha alisema, "Mbegu zimekwenda, bwana shamba. Lakini wewe umerudi. Sasa niambie tufanye nini."

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kumwuliza Bibi.

Katikati ya Novemba mvua ilirudi. Ilinyesha siku mbili mfululizo. Siku ya tatu Bibi alichimba tena. Safari hii udongo ulikuwa umelowa mpaka chini, kiasi cha shubiri moja. Alichukua udongo kiganjani akaufinya. Ukashikana. "Sasa imekunywa," alisema. Siku hiyo hiyo alipanda.

Kisha alimimina kunde kutoka katika chupa yake akatugawia, mimi na yule mama. Kunde huvumilia ukame kuliko mahindi, tena hukomaa mapema. Yule mama alipanda. Majani ya kunde yakawa mboga ya nyumbani kwake tangu Desemba, na mwishoni mwa Januari alianza kuvuna. Hakuirudisha akiba yake yote. Lakini watoto walikula.

Jinsi ya kuitambua mvua ya kupandia

Tangu mwaka ule, mkulima akiniuliza, "Je, tupande?" mimi humwambia tukachukue jembe. Fanya hivi:

1. Chimba katika sehemu mbili au tatu za shamba. Angalia udongo umelowa mpaka wapi. Ukiwa umelowa kiasi cha shubiri moja, unaweza kupanda. Ukiwa umelowa vidole vinne tu, subiri.

2. Chukua udongo wa chini, uufinye kiganjani. Ukishikana kama tonge la ugali, una unyevu wa kutosha. Ukimwagika kama unga, bado. Udongo wa kichanga haushikani sana hata ukiwa umelowa. Kwa udongo huo, tegemea zaidi kipimo cha shubiri.

3. Sikiliza redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kabla ya kila msimu. Utabiri husaidia kujua kama mvua zitakuwa nyingi au chache, na kama zitawahi au zitachelewa. Ukijua hivyo utachagua mbegu inayofaa.

4. Usimalize mbegu zote kwa siku moja. Weka akiba. Ukikosea, utakuwa na cha kupanda tena.

5. Mvua za vuli zikitabiriwa kuwa chache, chagua mazao ya muda mfupi. Kunde ni zao zuri. Mchicha nao huwa tayari baada ya wiki tatu au nne, na waweza kuumwagilia kwa ndoo.

Desturi za kupanda si sawa kila mahali. Kuna sehemu za nchi yetu zenye mvua chache ambako mtama au uwele hupandwa kabla ya mvua. Mwulize bwana shamba au bibi shamba wa kijiji chako. Waulize pia wazee.

Usiyapoteze maji ya bati

Tuangalie sasa faida ya pipa la Bibi. Chukua nyumba yenye paa la urefu wa mita 6 na upana wa mita 5. Paa hilo lina mita za mraba 30. Mvua ikinyesha milimita 10, yaani karibu upana wa kidole kidogo, kila mita ya mraba hupata lita 10 za maji. Jumla ni lita 300. Mengine yatamwagika. Lakini hata yakipotea lita 60, utabaki na lita 240. Hizo ni ndoo 12 za lita 20. Mama na watoto wamepumzika safari 12 za kisimani.

Maji ya kwanza yamwage, kama alivyofanya Bibi. Yana vumbi, majani na vinyesi vya ndege. Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote. Pipa lifunike.

Kulisugua pipa kwa ndani nako kuna maana. Mbu wanaoleta homa ya dengi hutaga mayai kwenye kuta za mapipa na ndoo. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi mingi. Maji yakiyafikia, yanaanguliwa. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Kwa hiyo sugua pipa kabla ya mvua, na ulifunike baada ya mvua.

Mgeni akija na hasira

Mvua ni mgeni mwema, lakini mara nyingine huja na hasira. Karibu na Tabata unapita Mto Msimbazi, unaotoka katika vilima vya Pugu na kwenda baharini. Wakati wa kiangazi maji yake ni kidogo. Lakini Desemba 2011, wakati wa vuli, mvua kubwa sana ilinyesha Dar es Salaam kwa siku chache. Mto ulifurika mpaka kwenye nyumba za bondeni. Karibu watu 40 walifariki katika jiji. Familia nyingi zilipoteza nyumba zao, na baadhi zilihamishiwa Mabwepande.

Bibi aliwakataza wajukuu wake kucheza kwenye mitaro na mabonde wakati wa mvua. "Ogeni uani," aliwaambia. "Mto una njia yake. Msiikae." Tumsikilize. Tusijenge bondeni, tusitupe taka kwenye mitaro, na tusiwaache watoto wavuke maji yanayokwenda kasi.

Theluji ya Kanada na mvua ya Tabata

Miaka iliyofuata, mtoto wa kiume wa Bibi alikwenda kufanya kazi Toronto, nchini Kanada. Siku moja ya Novemba alipiga simu. Alisema, "Mama, leo huku theluji ya kwanza imeanguka."

Theluji ni maji yaliyoganda huko juu mawinguni. Si mvua ya mawe. Huanguka polepole bila kelele, nyepesi na nyeupe, kama sufi linalopeperuka kutoka kwenye msufi. Katika nchi za baridi, watu wengi huifurahia theluji ya kwanza. Watoto hukimbia nje kucheza. Hufinyanga matonge ya theluji wakarushiana. Kisha hurudi ndani kunywa kitu cha moto.

Wajukuu wa Bibi hawakuamini mpaka walipotumiwa picha. Tusiwacheke. Mwaka 1848 mmisionari wa Kijerumani, Johannes Rebmann, aliiona theluji juu ya Mlima Kilimanjaro. Alipoandika habari hizo, baadhi ya wataalamu wa Ulaya walimkatalia. Hawakufikiri kwamba theluji inaweza kukaa karibu na Ikweta. Lakini ilikuwapo, na mpaka leo ipo kileleni, kwenye kimo cha mita 5,895, ingawa imepungua sana.

Bibi alimwuliza mwanawe, "Sasa mnapanda?"

"Hapana mama. Huku ardhi inalala mpaka majira ya joto yakaribie."

"Na huku imeamka," alisema Bibi. "Ngoja usikie." Akatoka na simu barazani, akaielekeza juu kwenye bati. Mvua ilikuwa inanyesha. Mwanawe alikaa kimya akiisikiliza, huko mbali, mpaka salio likakwisha.

Desturi inaendelea

Bibi alifariki dunia miaka kadhaa iliyopita. Mimi bado naishi Tabata, si mbali na nyumba yake. Vuli iliyopita, mvua ya kwanza ilipokatika, nilikwenda kuwaamkia. Mihogo ilikuwa jikoni. Pipa lilikuwa safi, limefunikwa.

Mjukuu mkubwa sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Nilimkuta nyuma ya nyumba ameshika jembe. Binti yake wa miaka saba alikuwa amechuchumaa kando ya shimo dogo, akipima udongo kwa vidole vyake.

"Shikamoo, bwana shamba," aliniamkia. "Ardhi imenawa uso tu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Basi tufanyeje?"

"Tusubiri inywe," alisema, akakimbilia ndani kwenye mihogo.

Nasi tukasubiri.